Ersilia Mbele ya Ufagio

"Huo ufagio wenu hautaniona hata kisigino!"

Ndivyo alivyotamba Ersilia Bardelloni, mdomo kaubandika kwenye kipaza sauti mpaka spika zikapiga mluzi. "Siku hiyo nitafika uwanjani, nitaoga, nitapaka rangi ya kucha, rangi itakauka, ndipo mtausikia unakuja. Na ukinipita, koti langu jekundu nalivua mbele ya kanisa na kichwa nanyoa kipara. Mashahidi ni ninyi na hilo sufuria la ugali wa polenta."

Ukumbi mzima wa kijiji cha Pradelsa uliangua kicheko. Sufuria peke yake ndilo halikucheka, na hata lenyewe lilikuwa linatokota.

Ilikuwa karamu ya vuli ya kikosi cha uokoaji wa mlimani. Gualtiero Sassi, mkuu wa kikosi, mtu wa masharubu manene na maneno ya kiserikali, alikuwa ndiyo kwanza ametangaza kwamba kuanzia mwaka ujao wote waliotimiza miaka hamsini watashukuriwa. Kushukuriwa, kwa lugha ya Gualtiero, ni kupewa kibao cha mbao chenye jina lako, kupigiwa makofi, kurudisha koti jekundu la kikosi, halafu siku mlima ukimmeza mtu wewe unabaki chini kwenye maegesho ya magari ukigawa chai. Gualtiero mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na tisa, umri alioupenda sana kiasi kwamba alikuwa nao tangu miaka mitatu iliyopita. Katika kikosi kizima aliyetimiza hamsini mwaka ule alikuwa mtu mmoja tu. Alikuwa amekaa meza ya pili, anatafuna soseji. Soseji hiyo haikumalizwa.

"Mkuu," alisema Ersilia akiwa ameshapanda jukwaani, "kikosi hiki kina njia yake ya kumtoa mtu, na njia hiyo si kibao. Ni ufagio. Nifagieni, kama mnaweza." Kisha ndipo akasema yale ya kucha na kipara. Gualtiero, mbele ya watu wote wale na divai zao, angekataaje?

Ufagio ni huu. Kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, theluji ikiwa imerudi nyuma hadi nusu ya mlima, kikosi chote hutoka mbio kwenye chemchemi ya uwanjani, viatu vya mbio miguuni, skii za kutelezea theluji na mabuti yake mgongoni. Wakifika theluji inapoanzia wanabadili viatu, wanabandika chini ya skii zile ngozi za manyoya zinazomzuia mtu asirudi nyuma, wanapanda mpaka msalaba ulio kwenye kilele cha Corna Brusada. Wanaugusa, wanabandua ngozi, wanateleza mpaka theluji inapoishia, wanarudia viatu vya mbio na kukimbia hadi uwanjani kuigusa ile chemchemi. Nyuma ya wote hutoka mtu mmoja mwenye ufagio wa fito mgongoni, na kwenye ufagio imefungwa kengele ya ng'ombe. Ufagio haumkimbizi mtu. Unakwenda mwendo wake, uleule mwaka nenda mwaka rudi. Ila ukigusa maji kabla yako, umefagiwa, na koti unalivua papo hapo. Waliouanzisha walisema anayeshindwa na ufagio leo, kesho atafika kwenye poromoko la theluji wakati wa kuchimba umeshageuka wakati wa kuzika.

Na Ersilia aliyajua maporomoko. Zamani, kabla hajavaa koti lolote, theluji ilimporomokea kaka yake Dario akiwa anavuka bonde na skii zake. Ersilia alifika mbio kwenye maegesho, na mtu ambaye mpaka leo hamkumbuki sura akamtia chupa ya chai mkononi. "Wewe dada kaa hapa. Wakirudi watataka kitu cha moto." Akakaa. Mchana kutwa alikumbatia chupa ile akitazama vidoa vyekundu vikitambaa kwenye weupe kule juu, asijue kama wanachimba mtu au wanachimba maiti. Walimtoa mtu. Amepungua vidole viwili, lakini mtu, na hadi leo anatengeneza jibini na kuilaumu hali ya hewa. Msimu uliofuata Ersilia alikwenda kuomba koti. Mkuu wa enzi hizo alimuuliza sababu, akajibu, "Sitaki kushikishwa chai tena." Hakutoa sababu nyingine, na hakuulizwa.

Basi asubuhi baada ya karamu mumewe Remo, fundi bomba, mtu mpole anayeongea na mabomba kuliko anavyoongea na watu, alimkuta mlangoni anafunga viatu vya mbio.

"Mke wangu. Kipara?"

"Si umeanza wewe?"

"Mimi nilipewa na Mungu."

"Na mimi nitapewa na Gualtiero. Sogea nipite."

Akapita. Vuli nzima alipita. Alikimbia njia ya mbuzi iliyo nyuma ya kanisa, mvua ikinyesha, ukungu ukishuka, misonobari ya huko, ile inayopukutika, ikigeuka njano na kumwaga sindano zake njiani kama kapeti la bwana harusi. Akirudi alifungua saluni yake, maana huyo ndiye mtengeneza nywele pekee wa Pradelsa, na vikongwe vya kijiji haviwezi kwenda misa vikiwa timutimu eti kwa sababu mtu ana ugomvi na ufagio. Saluni ikaanza kunukia dawa ya kuchua misuli kuliko shampuu. Goti la kulia, ambalo daktari alikuwa ameshalifungua mara moja na kulishona, lilivimba kila jioni, naye alilitandikia mfuko wa njegere za barafu huku akimsuka mtu. Usiku Remo alizipika njegere zilezile. Kupoteza chakula, alisema, ni dhambi.

Theluji ilipoanguka, akabadili viatu kwa skii. Kupanda, kubandua ngozi, kuteleza, kufungua saluni. Siku ambazo mlima ulikuwa mbaya, theluji imelegea juu ya barafu, hakupanda kileleni kujifanya jasiri; alikwenda njia ya msituni, akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, mpaka wakata miti wakamuuliza kama amepoteza funguo.

Wakati huo Gualtiero alikuwa ameshamchagua mbeba ufagio: Ivo, mtoto wa Dario. Lilikuwa jambo la werevu. Ivo ana mapafu ya farasi, na tena ukifagiwa na mtoto wa kaka yako, utamlalamikia nani kwamba umeonewa? Kijana mwenyewe alikuja saluni amekunja kofia mikononi.

"Shangazi, wamenipa ufagio."

"Hongera. Nyumba yenu inauhitaji."

"Nikatae?"

"Ukikataa watampa mpumbavu. Wewe angalau nakujua. Kesho unapanda?"

"Napanda."

"Tunapanda wote."

Ivo alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ufagio ufanye mazoezi pamoja na takataka? Si rushwa hiyo?"

"Rushwa ni kama ningekupa kitu. Nimekupa nini mimi?"

"Jumamosi ulinipa mkate wa jibini."

"Urudishe."

Wakapanda pamoja msimu mzima, yeye mbele na kijana nyuma. Siku moja karibu na kilele, Ivo akasema, "Shangazi, nikikukuta njiani siku hiyo nifanye nini?"

"Unipite."

"Lakini baba…"

"Baba yako alitolewa na watu waliowahi. Walijuaje kuwa watawahi? Walishapimwa na ufagio usio na shangazi. Ukipunguza mwendo hata kidogo, Ivo, nitajua, na kichwa kitakachonyolewa ni chako. Bila maji."

Mwezi wa pili Gualtiero akaja kunyolewa. Hakuwa na pengine pa kwenda. Kinyozi mwingine yuko mji wa chini, na mkuu wa kikosi hawezi kuonekana akimkimbia mwanamke mwenye mkasi.

"Punguza kidogo tu nyuma."

"Kidogo kama akili au kidogo kama huruma?"

"Ersilia, mimi sina ugomvi na wewe. Ni kanuni."

"Kanuni uliitunga wewe."

"Niliitunga kwa ajili ya wote."

"Hao wote ni mimi. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Mkasi ukamlia karibu na sikio, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaacha kusoma magazeti waliyokuwa hawayasomi.

"Goti?" aliuliza Gualtiero kupitia kwenye kioo.

"Linakusalimia."

"Dada, nakwambia kwa wema. Mtu aliyefukiwa hana haja na ushujaa wako. Ana haja na mtu atakayefika mapema. Basi."

Hapo mkasi ukasimama. Ingekuwa uongo, Ersilia angekuwa na jibu, maana majibu ndiyo biashara yake ya pili baada ya nywele. Lakini ilikuwa kweli, na alijua ni kweli tangu siku ile ya chupa. Alilitazama goti lake, akamtazama mwanamume aliyekuwa kwenye kioo na taulo shingoni.

"Ndiyo maana kuna ufagio," akasema. "Nikichelewa, utanirudia maneno hayohayo na nitakuitikia ndiyo bwana mkuu, koti hili hapa. Nikiwahi, utanyamaza. Masharubu nayo nipunguze?"

"Masharubu usiguse!"

Siku ya ufagio ilifika na jua kali. Kengele ya kanisa ilipolia, kikosi kikaondoka kama mbwa waliofunguliwa, vijana mbele, skii zikigongana migongoni. Ersilia hakuwafuata. Alishika mwendo wake, ule wa njia ya mbuzi, hatua fupi, mikono kwenye mapaja penye mwinuko. Muda si muda, nyuma yake, ikaanza: kolong, kolong. Ivo ametoka.

Sasa, theluji inapoanzia pale Pradelsa pana msonobari mmoja mkavu, na kila anayepanda hutundika viatu vyake vya mbio kwenye matawi yake, ameviunga kamba kwa kamba, mpaka mti unaonekana kama umezaa. Si urembo. Kule kuna marmota, mnyama mfano wa pimbi aliyenenepa, ambaye hulala msimu wote wa baridi chini ya ardhi na akiamka anatamani chumvi kama mjamzito anavyotamani udongo. Na kiatu cha mkimbiaji ni nini ikiwa si chumvi yenye kamba? Mtoto wa Pradelsa anaweza asijue kuhesabu, lakini kutundika viatu anajua.

Ersilia alifika kwenye mti, akavua viatu, akavaa mabuti, akabandika ngozi. Alikuwa ameshaviunga vile viatu na kunyoosha mkono kwenye tawi, kengele ikalia kama iko nyuma ya kichaka, kolong-kolong-kolong, karibu kuliko alivyotarajia. Ivo, mtundu yule, alikuwa ameutingisha ufagio makusudi ili kumchokoza tu. Mwenyewe alikuwa bado mbali. Tawi lilikuwa juu kidogo. Ersilia akaachana nalo, akavitupa viatu chini ya jiwe, akaondoka. Mwaka mzima hakukosea kitu, akaja kukosea hicho.

Kule juu hakukuwa na la kusimulia sana, maana kupanda ni kupanda. Skii ya kulia, skii ya kushoto, jasho linaingia machoni, kengele mara inakaribia mara inabaki. Penye ukuta wa mwisho chini ya msalaba goti lilianza kuongea, naye akalijibu kwa sauti maneno ambayo kikongwe wa kwenda misa angeshangaa kuyasikia kwa mtengeneza nywele wake. Akaugusa msalaba. Akageuka. Ivo huyo, chini yake kidogo tu, uso mwekundu, ufagio umesimama mgongoni kama mkia wa jogoo.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba, takataka inashuka!"

Na hapo, kwenye kuteleza, ndipo mlima ulipokuwa upande wa mwanamke yule. Ivo alizaliwa na mapafu. Ersilia alizaliwa na miguu inayoisoma theluji. Alijua jua limeshalainisha upande gani na upande gani bado mgumu, akakata kona pana, akaiacha kengele ikilia huko juu kama ng'ombe aliyepotea. Alifika kwenye msonobari anacheka peke yake.

Marmota hakukimbia mara moja. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono miwili kakishika kiatu cha kushoto kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Ulimi wa kiatu ulikuwa umekwisha, kamba zimekwisha, na kisigino kilikuwa kinaendelea kwisha. Kiatu cha kulia hakikuonekana popote. Huenda kilikuwa shimoni kwa familia. Ersilia akapiga kelele, mnyama akapiga mluzi, akaingia shimoni na kiatu chake. Kwa sasa kilikuwa chake.

Juu ya tawi, safi, kavu, vimeungwa vizuri, vilining'inia viatu vya Ivo.

Aliviangalia. Tusimsingizie utakatifu: aliviangalia vya kutosha. Kisha kengele ikasikika, na Ivo akatokea akiteleza, akasimama, akaona jiwe, akaona shimo, akaona miguu ya shangazi yake kwenye mabuti ya kuskii.

"Hukutundika?"

"Uliza lingine."

"Chukua vyangu. Vikubwa lakini utavikaza. Mimi nitashuka na mabuti."

"Halafu ufagio utachelewa, na watu watasema nini?"

"Hakuna atakayejua!"

"Marmota anajua. Funga viatu vyako, Ivo. Husimami hapa kwa ajili yangu."

Wakati huo alikuwa ameshaketi, amefungua mabuti, anavuta. Buti la kuskii ni viatu viwili: ganda gumu la nje, na ndani yake kiatu laini cha sponji kama ndara ya mgonjwa. Kwa ganda huwezi kukimbia. Linashika kifundo kama pingu. Lakini ile ndara inatoka, ukivuta kwa hasira. Ersilia alikuwa nayo hasira. Akazitoa zote mbili, akazifunga kwa zile kamba za kubania skii, maganda na skii akatupia mgongoni, akaondoka Ivo akiwa bado anafungua mafundo yake, yaliyokuwa mazuri mno.

Njia ile kupanda unaiona ndefu. Kushuka na ndara za sponji ni kitu kingine. Kila jiwe lilimsalimia kwa jina. Kwenye malisho alipita juu ya mavi ya ng'ombe bila kuchagua, kwenye kijito maji yakaingia na ndara zikawa nzito kama mtoto aliyelala. Ya kulia ikachanika upande, kidole gumba kikatoka kuangalia tunakwenda wapi. Nyuma, kengele. Ivo hakupunguza, alisikika kwa mwendo wake, sawasawa, kolong, kolong, na Ersilia, katikati ya maumivu yote yale, alifurahi kuisikia haisiti. Kama angepunguza, angesimama amsubiri, wallahi, na angempiga kwa ufagio huohuo.

Akatokea nyuma ya kanisa. Akashuka ngazi. Uwanjani walikuwapo wote, kikosi kimeshafika na kukaa, Gualtiero kasimama kando ya chemchemi amefumbata mikono. Remo alikuwa juu ya benchi, yeye asiyepiga kelele, akipiga kelele. Kengele ilikuwa kwenye ngazi. Ersilia hakuigusa chemchemi. Aliangukia ndani yake, mikono, kichwa na skii. Alipoinua uso, Ivo alikuwa anaingiza mkono majini ng'ambo ya pili, anahema, anacheka, anataka kulia.

Gualtiero aliinama kutazama.

"Umevaa nini miguuni?"

"Kanuni inasema nini kuhusu miguu?"

Mkuu alifikiri. Masharubu yakapanda, yakashuka.

"Haisemi kitu," alikiri.

"Basi?"

"Basi nimefanya kama ulivyosema. Nimenyamaza." Akavua kofia, akamnyooshea mkono amtoe majini. "Lakini kucha hukupaka, Ersilia."

"Nipe dakika tano. Kucha moja imeshageuka nyeusi yenyewe."

Koti lilibaki kwake. Karamu ya vuli iliyofuata ile kanuni ya kushukuru watu haikusomwa. Gualtiero, ambaye mwaka huo hatimaye alikubali kutimiza hamsini, kiangazi kilichofuata aliingia mbele ya ufagio kama wengine, na viatu vyake alivitundika tawi la juu kabisa.

Ila mlima haungoji karamu. Wito unaweza kuja siku yoyote, na buti la kuskii bila kiatu chake cha ndani ni ndoo tu. Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata mbio zile, siku ambayo saluni hufungwa, Ersilia alishuka mji wa chini akichechemea, akaingia dukani na kumwekea muuzaji juu ya meza zile ndara mbili, zilizochanika, zenye mavi ya ng'ombe na kokoto zilizozama. Muuzaji alizigeuza kwa kalamu, hakuzigusa kwa mkono, akauliza mnyama gani alikuwa ndani. Akaambiwa alete namba thelathini na tisa na aache maswali.

Viatu vya ndani vya buti la kuskii, jozi moja, bila maganda: yuro mia moja tisini na tano.